Karatasi Kumi na Tisa za Chekechea

Mimi si mtu wa kupekua. Simu ya mwanamume ikilia mezani, namsogezea mwenyewe na macho yangu nayapeleka dirishani. Dada yangu anauita huo ujinga, mimi nauita malezi. Kwa hiyo ijulikane tangu mwanzo kwamba nilichokipata Jumatano ile nilikipata kazini, mchana kweupe, nikifanya kazi niliyoagizwa na bosi.

Ofisi yetu ilikuwa inapanga mtaa mpya, nyumba mia tatu na ishirini, mahali ambapo mpaka mwaka jana palikuwa na nyasi tu. Mimi ndiye niliyepewa sehemu ya katikati, tuliyozoea kuiita Kitovu. Uwanja wa wazi, maduka chini na makazi juu yake, zahanati, duka la mikate, kinyozi, karakana za mafundi, benchi za wazee. Nilitaka mtu atoke kwake kwa miguu, anunue nyanya, apime presha, amsengenye jirani kidogo, na awe amerudi kabla maji ya chai hayajachemka. Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote.

Kila aliyeshika nyumba kwa malipo ya awali alipewa nafasi yake ya kusema. Karatasi ndogo isiyo na jina, yenye maswali matatu: nyumba yako ni namba ngapi, unataka kuona nini Kitovu, na kiwe umbali gani kutoka mlangoni kwako. Zilirudi mia mbili na kumi na moja. Tulizihesabu miezi minne iliyopita, na hesabu hiyo ndiyo niliyochorea. Sasa wiki iliyofuata tungewaonyesha wakazi mchoro wa mwisho, na bosi akataka nichague majibu ya kuchekesha ayasome mwanzoni, watu walegee.

Nilianza na swali la umbali, kwa sababu hapo ndipo watu hujisahau. Mmoja aliandika, "Karibu, lakini nisisikie kelele." Mwingine, "Mwendo wa sigara moja." Wa nyumba ya tisini na nne alitaka duka la mikate liwe mbali kiasi cha kumfanya mkewe aone uvivu kwenda. Nilikuwa nacheka peke yangu pale mezani nilipofika kwenye karatasi iliyotaka chekechea, umbali wa mita 142.50.

Nikacheka na hiyo pia. Nikaiweka kwenye fungu la vichekesho. Baada ya karatasi saba ikaja nyingine, chekechea tena, mita 96.00. Halafu nyingine, mita 210.75. Kicheko kikaniishia.

Mkazi wa kawaida hajui mita. Anajua hatua, dakika, mapaja kuuma. Hata mimi ninayezichora nikiulizwa ghafla nasema "hapo tu." Katika ofisi nzima kulikuwa na mtu mmoja anayeandika nukta na sifuri mbili mwishoni hata pasipo na haja, na mtu huyo alikuwa mpima ardhi wetu, ambaye aliwahi kuniambia kwamba alianza kunipenda saa saba na dakika kumi na mbili. Jumamosi ya wiki ile ile wajomba zake walikuwa waje nyumbani kwetu kuniposa.

Nikazitafuta zote. Zilikuwa kumi na tisa. Wino wa buluu, mweusi, mmoja wa kijani. Herufi nyingine zimelalia kulia, nyingine kushoto, na mbili zimeandikwa kwa mkono wa kutetemeka kama wa mzee. Alikuwa amejitahidi, Mungu anajua. Mkono ulikubali kudanganya katika herufi zote, lakini ulipofika kwenye umbali ukashindwa kuandika "karibu karibu" kama watu wengine.

Niliinuka nikafunga mlango. Nikatandaza mchoro wa mtaa mzima, nikachukua bikari, nikaweka ncha kwenye nyumba ya kwanza na kuzungusha umbali ulioandikwa. Nikaenda ya pili, ya tatu. Nilipomaliza maduara kumi na tisa, yote yalikatana mahali pamoja, penye upana wa kucha yangu: kona ya nyuma ya uwanja, upande wa kaskazini. Ndipo hasa nilipokuwa nimeiweka chekechea, nikajisifu kwa kuiona nafasi hiyo. Kabla ya hapo kona ile ilikuwa na karakana tatu, ya fundi viatu, fundi redio na fundi cherehani, nami niliwahamishia nyuma ya zahanati, jirani na mapipa ya taka, kwa kuwa hesabu ilisema watu wanataka chekechea.

Nikakaa. Nikaanza kukumbuka mambo ambayo nilikuwa nimeyaona na kuyaacha yapite. Nani aliniambia, tukila, kwamba watoto wakiwekwa pale nyuma hawavuki barabara? Yeye. Nani aliyejitolea kuwapelekea wateja karatasi huko wanakoishi sasa, kazi isiyomhusu? Yeye. Na zile simu zake za saa sita mchana. Kila siku hutoka hadi kwenye ngazi za nyuma, anaishika simu mbele ya uso wake, anaongea pole pole na kwa sauti kubwa, akiumba kila neno na kutabasamu. Nilimwona mara nyingi kupitia kioo. Mimi haongei nami hivyo. Nami, kwa malezi yangu mazuri, nilikuwa napeleka macho dirishani.

*

Dada yangu ni karani wa mahakama. Kwa miaka ishirini na miwili ameketi chini ya hakimu akiandika uongo wa watu neno kwa neno, na imemharibu. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, anatazama viatu vyako. Jioni ile nilimweleza yote kabla hatujamaliza kula, naye akasikiliza bila kunikatiza, kama anayetarajia kuulizwa baadaye.

"Kumi na tisa," akasema.

"Kumi na tisa."

"Na simu za saa sita."

"Kila siku."

Akaweka kijiko chini. "Ana mwenye shule."

"Mwenye shule gani, dada?"

"Mwanamke anayetaka kufungua chekechea mahali pazuri, kwenye mtaa mpya wenye watoto wengi. Anayemsemesha pole pole mchana. Wewe ndiye mwenye kalamu, kwa hiyo wewe ndiye unayechumbiwa."

"Unasema hanipendi."

"Sisemi hivyo. Nasema miezi kumi na moja hujawahi kufika kwa mama yake. Kila ukiomba, mama anaumwa, mama hapokei wageni. Mama gani anaumwa miezi kumi na moja na mwanawe hanunui hata dawa ya kikohozi?" Akanisogezea maji. "Tangu siku ya kwanza nilikwambia, huyu mwanamume hana kasoro. Hanywi, hachelewi, hana mke wa zamani, hana deni, hana hata ndugu mlevi. Faili safi hivyo, sisi huwa tunauliza kurasa nyingine zimechanwa na nani."

Nilitaka kumtetea, badala yake nikanywa maji. Hilo liliniuma kuliko karatasi zenyewe. Jana yake tu ningesema mambo kumi.

"Mdogo wangu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Nilikutoa kwa mama wa kambo una miaka saba, nguo zako zote kwenye mfuko mmoja. Mtu akikutumia mimi naona kama nimekurudisha kule. Muulize. Lakini usimuulize ofisini, atakujibu kiofisi."

*

Alhamisi mchana nikamfuata kwenye eneo la ujenzi. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, na Kitovu changu kilikuwa kimelala chini kwa chokaa na kamba, vigingi vyenye vichwa vyekundu kila kona. Nilipita katikati ya duka la mikate, nikakata uwanja, nikaenda moja kwa moja nyuma. Pale maduara yangu yalipokutana kulikuwa na kigingi. Kichwa chake kilipakwa rangi ya kijani. Hakimo kwenye mchoro wangu.

Yeye alikuwa hatua thelathini hivi, jicho kwenye darubini yake ya kupimia. Aliponiona aliacha kila kitu akaja, kofia mkononi, na uso wake ukafurahi kwa namna ambayo kwa miezi kumi na moja nilikuwa nikiisubiri kila asubuhi. Hata wakati ule moyo wangu ulimkimbilia. Mimi nikabaki nimesimama.

"Hukunipigia," akasema. "Ningekuja kukuchukua barabarani."

"Nimekuja kupima."

"Kupima nini tena? Kila kitu kimepimwa."

"Mita mia moja arobaini na mbili na nusu, kutoka nyumba namba ishirini na saba."

Furaha ilimtoka usoni polepole. Alitazama kigingi cha kijani, akanitazama mimi, akavaa kofia yake, kisha akaivua tena.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa chekechea. Nilitaka tu kuona ungekaa wapi."

"Na zile karatasi kumi na tisa, ulitaka kuona nini?"

Hakukataa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa, nilikuwa nimebeba hata bikari kwenye mkoba. Alisema, "Kumi na nane. Moja ni halali. Nyumba ishirini na saba nimeishika mimi. Ni yetu, nilitaka nikwambie Jumamosi mbele ya wajomba."

"Usiniletee habari za wajomba. Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Unayemsemesha saa sita kwenye ngazi, pole pole, umeishika simu mbele ya uso kama unajipiga picha. Nakuona kila siku. Mwenye shule yako."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Hana shule. Ndiyo kwanza anatafutiwa."

"Unanifanyia mzaha?"

"Atatimiza miaka mitano mwezi ujao," akasema. "Ni binti yangu."

Sikumwelewa kwanza. Nilimtazama nikingoja sentensi nyingine inayoanza na "yaani." Nyuma yake vibarua wawili walikuwa wanavuta kamba na kubishana kuhusu nani aliyefunga fundo baya, na nikawa nawasikiliza wao kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi.

"Anaishi na mama yangu," akaendelea. "Mama yangu haumwi. Mama yangu ana nguvu kuliko mimi. Mama wa mtoto aliondoka mtoto akiwa na miezi tisa, madaktari waliposema hasikii. Ana mume mwingine sasa, simlaumu, tumeshamaliza. Sikio la kulia linasikia kidogo, la kushoto halisikii kabisa. Anasoma midomo. Ndiyo maana naiweka simu vile, ili aione midomo yangu. Asipoiona anadhani nimekasirika."

"Na kona?"

"Gari likitokea nyuma yake, hajui. Mwaka jana pikipiki ilimpita hapa," akaonyesha kwa vidole upana wa kitabu. "Nimeupima mtaa huu wote. Kutoka ishirini na saba kuna mahali pamoja tu anapoweza kufika kwa miguu bila kukatiza njia ya magari. Ni hapa. Nilirudia mara tano, nikidhani nimekosea."

"Ungeniambia mimi. Ningeichora kwa mkono wangu, mchana, bila karatasi hata moja ya uongo."

"Ungeichora, halafu ungeniacha."

"Nani kasema?"

"Wewe. Tulikuwa tunakula pamoja mara ya tatu. Ulisema mwanamume mwenye mtoto, hata angekuwa wa dhahabu, kwako hapana. Ulisema huku unamenya chungwa, hata hukuinua kichwa."

Nilikumbuka chungwa. Nilikumbuka na maneno, kwa sababu nilikuwa nimeyasema kwa wanaume wawili kabla yake na wote walitikisa kichwa kuafiki. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Sikukataa watoto. Nilikataa kuwa yule mwanamke wa jikoni ambaye mtoto humsikilizia nyayo ili ajue aingie au abaki nje. Nilimchukia mmoja wao, mama yangu wa kambo, tangu nikiwa na miaka minne, na chuki ile naijua uzito wake. Sikutaka mtoto mwingine aibebe kwa sababu yangu.

Lakini sikumweleza hayo. Nilikuwa na swali lililonikalia kooni tangu Jumatano, na lilikuwa limepata makali.

"Nijibu hili moja, na ukinidanganya nitajua, dada yangu amenifundisha. Ulianza kula na mimi kwa sababu yangu, au kwa sababu mimi ndiye ninayechora?"

Aliigeuza kofia mkononi. Akaigeuza tena, na wakati wote ule nilikuwa namwombea aseme uongo.

"Kwa sababu unachora," akasema. "Nilitaka nikuzoee, nikuombe kona, basi. Mara ya kwanza nilikuja na maneno ya kuomba nimeyapanga. Ukaanza kunisimulia kinyozi wako anayekata nywele huku analia kwa sababu ya mchumba wake, nikasahau kuomba. Mara ya pili nikasahau tena. Ya tatu ukasema habari ya dhahabu, na mimi tayari nilikuwa nimeshanasa. Nikaona nikiomba kona, nitakupoteza wewe. Nikiacha kona, nampoteza yeye. Nikaandika karatasi."

"Kwa hiyo saa saba na dakika kumi na mbili."

"Ilikuwa mara ya kwanza ile ile. Nilitazama saa kwa sababu nilikuwa nimechelewa kumpigia."

Machozi yalinitoka na nikakasirika kwamba yametoka. Alinyoosha mkono, nikarudi nyuma nikajikwaa kwenye kamba ya zahanati.

"Usinishike. Unajua fundi viatu yuko wapi sasa? Kwenye mapipa ya taka. Yule mzee aliandika karatasi yake kwa penseli, akaomba dirisha lenye mwanga kwa sababu macho yanamsumbua. Nilimtoa hapa kwa ajili ya watu kumi na nane wasiokuwepo. Jina langu ndilo lililo chini ya mchoro, si lako."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingelala." Nikapangusa uso kwa kiganja. "Sasa sikiliza. Kesho asubuhi nazitoa kumi na nane. Fundi viatu na wenzake wanarudi kwenye kona. Chekechea haina watu wa kutosha, itangoja awamu ya pili, na awamu ya pili hakuna anayeijua. Nitamwambia bosi kwamba kuna karatasi za kughushi. Aliyezighushi simtaji. Hiyo kazi ni yako, uifanye au usiifanye."

Alikuwa ameangalia kile kigingi cha kijani. "Na Jumamosi?"

"Kona huna tena. Mchoraji wa kukusaidia huna tena. Nimebaki mimi tu, mwenye domo na dada mkorofi. Ukiona bado nina faida kwako, uje. Wajomba waache kwao. Uje naye."

"Na akikuogopa?"

"Mimi pia namwogopa," nikasema, nikaondoka nikipita juu ya kuta zangu zote za chokaa bila kutafuta milango.

*

Ijumaa saa nne mpima ardhi wangu aliingia kwa bosi akafunga mlango. Sikusikia neno, niliona tu kupitia kioo: bosi amesimama, yeye amesimama, halafu bosi ameketi na kushika paji la uso. Alipotoka alikuwa amebeba sanduku la vifaa vyake. Ameondolewa kwenye mradi, bosi akaniambia baadaye, na akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyempenda. Akiwa na sanduku lake, alinipita mezani kwangu bila kunitazama.

Nilirudi nyumbani na hilo, na usiniulize nililigeuza mara ngapi. Asiponitazama, ni kwa aibu, au ni kwa sababu sina tena kitu anachokihitaji? Amemwambia bosi kwa ajili yangu, au ili alale vizuri? Niliwaza hivyo huku nikifua, nikapasua na kitambaa. Mtu akishakudanganya jambo moja kubwa, hata kweli yake unaishika kwa ncha za vidole.

Jumamosi dada alivaa nguo zake za kazini. Saa kumi ilifika. Saa kumi na nusu ikafika.

"Haji," akasema, bila furaha. "Chekechea haipo, atakuja kufanya nini?"

"Anapajua mahali, dada. Mwache."

"Simzuii. Nasema tu ili iingie kwenye rekodi."

Saa kumi na dakika hamsini mlango ukagongwa. Dada akanitangulia. Alifungua upande mmoja, akaweka mkono wake juu ya fremu kama mlinzi wa benki, na mimi nikaona kupitia chini ya kwapa lake. Alikuja bila wajomba, shati limelowa jasho, naye amemshika mkono mtoto mwembamba mwenye gauni la njano na viatu vyenye vumbi.

"Tumetembea," akasema. "Anaogopa kupanda gari. Samahani kwa kuchelewa, dada."

"Kona yako iko wapi?" dada akamuuliza.

"Haipo. Imefutwa."

"Kazi?"

"Wamenitoa."

"Na bado umekuja."

"Nimekuja."

"Kwa nini nikuamini? Niambie sababu moja. Uliandika karatasi kumi na nane kwa mikono kumi na nane, ukamficha mtoto mzima mwenye miguu na mikono. Leo nitajuaje kama unasema kweli?"

Dada aliongea akimtazama baba wa mtoto, kwa ukali wake wa mahakamani, na mtoto hakuuona mdomo wake vizuri. Akavuta mkono wa baba yake. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Baba, anasema nini?"

Nilidhani atamwambia kwamba mama huyu anawasalimia. Wazazi wote husema hivyo. Yeye akachuchumaa pale kizingitini mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akasema pole pole, akiumba kila neno, ile sauti ya kwenye ngazi, "Anauliza kama tunasema kweli."

Mtoto akafikiri. "Yote?"

Macho ya baba yake yakaenda pembeni kama anavyofanya akijumlisha vipimo kichwani, na mimi na dada tukawa tunamtazama mdomo kama yule mtoto.

"Yote," akasema. "Siri imeisha. Hakuna nyingine."

Dada akageuka akanitazama. Niliushika mkono wake nikautoa kwenye fremu, nikapita, nikachuchumaa na mimi. Kwa karibu mtoto alikuwa na macho yanayozurura usoni mwako, yakirudi kila mara kwenye midomo.

"Karibu ndani," nikamwambia, pole pole.

Aliusoma mdomo wangu mpaka nikaufunga. Halafu hakuja. Akamgeukia baba yake.

"Na huyu? Na yeye anasema kweli?"

"Muulize mwenyewe," baba yake akasema.

Akanigeukia, akasubiri. Kwa siku nne nilikuwa nimemshuku kila mtu, na sikuwa nimefikiri kwamba kuna mtu mfupi kiasi hiki mwenye haki ya kunishuku mimi.

"Naogopa kidogo," nikamwambia. "Lakini ni kweli."

Alilipima jibu langu kwa muda mrefu. Kisha akauachia mkono wa baba yake, akakaa kizingitini, akaanza kuvua viatu.